Kimio na Kidakatonge

Neno kidakatonge hutumiwa katika Kiswahili kutaja viungo viwili vya kooni ambavyo kazi zao ni mbalimbali. Yafaa vitenganishwe.

Kiungo cha kwanza ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, mwishoni mwa kaakaa laini. Mtu hukiona kwenye kioo akipanua kinywa. Hicho huitwa pia kimio, kilimi au kimeo. Cha pili ni kifuniko cha gegedu kilichoko nyuma ya shina la ulimi. Tunapomeza, zoloto hupanda na kifuniko hicho huinama juu ya mlango wa njia ya hewa, ili tonge liingie katika umio badala ya kwenda mapafuni.

Wanyama hutuonyesha tofauti hiyo waziwazi. Mwalimu wa Bukoba au Muleba akiomba koo la ng'ombe kwa mchinjaji, atawaonyesha wanafunzi kifuniko cha gegedu. Kimio hatakiona, kwa kuwa ng'ombe hana. Kuku hana kimoja wala kingine: tundu lake la hewa hujifumba lenyewe anapomeza, naye huinua kichwa ili maji yateremke. Sangara wa Ziwa Viktoria hupumua kwa matamvua, kwa hiyo hana njia ya mapafu ya kufunikwa. Mwalimu huyo aweza pia kuanzia lugha ya nyumbani, maana neno umio lina asili moja na kitenzi cha Kihaya cha kumeza.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Wako wazazi nchini ambao hupeleka watoto wenye kikohozi kukatwa kimeo, na baadhi ya watoto hao hutokwa na damu nyingi au hupata maambukizo. Tangazo likikataza kukata "kidakatonge", mzazi huenda asitambue kwamba ni kimeo kinachosemwa. Na aliyefundishwa shuleni kwamba kidakatonge ni kifuniko cha njia ya hewa ataelewa jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo twapendekeza neno kidakatonge libaki kwa kifuniko cha njia ya hewa, na kimio liwe jina la kinyama kinachoning'inia. Katika matangazo ya afya, kimeo kiandikwe sambamba na kimio, kwani onyo humfaa mzazi pale tu anapolielewa.