Je, Wajua? Bima Ikikataa, Kuna wa Kumwambia

Je, wajua kwamba ombudsman, yule afisa anayepokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, chanzo chake ni mfalme mkimbizi? Karl XII wa Sweden alipigwa na Warusi mwaka 1709, akakimbilia kwa Waturuki. Mwaka 1713, akiwa bado hukohuko, akaamuru ateuliwe mtu wa kuwachunga maafisa wake nyumbani!

Sasa bashiri: Afrika, nani alitangulia? Tanzania! Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilianza 1966, mwaka mmoja kabla ya Uingereza kupata ya kwao. Naam, Dar es Salaam iliiacha London nyuma.

Uingereza ilipata ombudsman wa huduma za afya mwaka 1973. Lakini sikia: mpaka 1996 hakuruhusiwa kuchunguza uamuzi wa kitabibu wa daktari. Miaka 23 ya kusikiliza wagonjwa, na jambo lenyewe linalowauma haligusi!

Marekani je? Rais Johnson alitia saini sheria ya Medicare, bima ya wazee, na Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, tarehe 30 Julai 1965. Kadi ya kwanza ya Medicare akapewa rais mstaafu Harry Truman, mzee wa miaka 81. Ombudsman wa Medicare alikuja kwa sheria ya 2003, na sheria hiyo inamtaka apeleke ripoti yake bungeni kila mwaka.

Twende California. Je, wajua kwamba zaidi ya mtu 1 kati ya kila 3 jimboni humo hutibiwa kwa Medi-Cal, Medicaid ya huko? Ndiyo maana kuna ofisi ya ombudsman ya kuwasaidia wanaokwama na mipango yao ya bima. Unapiga simu, unaeleza, hulipi hata senti. Naye haegemei upande wowote: husikia wewe, husikia na bima.

Hapa kaa vizuri, maana hapa ndipo patamu. Bima ikikunyima matibabu, lazima ikuletee barua yenye sababu na maelezo ya kukata rufaa. Itazame tarehe kabla ya kitu kingine! Una siku 60 za kukata rufaa kwa bima yenyewe, nayo ina siku 30 za kujibu. Hali ya mgonjwa ikiwa ya hatari, jibu litoke ndani ya saa 72. Wakikukatalia tena? Una siku 120 za kuomba shauri lako lisikilizwe na hakimu wa jimbo, na unaweza kujieleza kwa simu ukiwa kwako.

Na hii wengi hawaijui: ukiwa tayari unapata huduma na bima inataka kuikata, wahi kuomba iendelee, kwa kawaida ndani ya siku 10 tangu tarehe ya barua. Huduma itaendelea mpaka rufaa iamuliwe. Siku 10 tu, na mtu anabaki na dawa yake!

Umeletewa bili ya matibabu ambayo Medi-Cal inayagharamia? Usikimbilie kulipa! Sheria inamkataza daktari aliyeikubali kadi yako kukudai juu ya anacholipwa na bima.

Ndugu zetu wa Kongo mlio Marekani, hili ni lenu. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kukupa mkalimani bure, Kiswahili kikiwemo. Haina ruhusa ya kumtwika mtoto wako kazi hiyo, isipokuwa kwa dharura ambapo mkalimani hayupo. Mwambie mtoto akae, adai mkalimani nani? Wewe!

Na Kenya? Bima ya afya ya SHA ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, aliyeajiriwa akikatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sheria iliyoanzisha SHA imeweka pia baraza maalum la kuamua migogoro ya bima. Ofisi ya umma ikikuzungusha, iko pia tume ya ombudsman, ile yenye kaulimbiu ya Hata Mnyonge ana Haki. Huna kalamu wala karatasi? Nenda tu: sheria yake inakuruhusu kulalamika kwa mdomo, na kuandika ni kazi yao.