Uteuzi wa Vijazo vya Kichujio kwa Samaki Wasiostahimili: Mfano wa Tropheus wa Ziwa Tanganyika

Mtu anayeazimia kufuga samaki wa mapambo nyumbani aghalabu huanza kwa kuuliza bei ya tangi la kioo, kisha bei ya samaki, na mwishowe nguvu za pampu. Ni nadra kumsikia akiuliza kitakachotiwa ndani ya kichujio. Ilhali kazi ya pampu ni kusukuma maji tu. Kinachoyasafisha ni sponji, changarawe, vipande vya kauri, makaa au vitu vingine ambavyo maji hupitishwa kati yake. Wauzaji wengi huviita 'midia', neno ambalo msomaji wa jarida hili atalihusisha upesi zaidi na magazeti na redio. Katika makala haya tutaviita vijazo vya kichujio, kwa kuwa ndivyo vinavyokijaza, na umoja wake uwe kijazo.

Kwa samaki mstahimilivu kama kambare, ambaye maji yakichafuka huweza hata kuvuta hewa juu ya maji, uteuzi wa vijazo si suala la kufa na kupona. Kwa Tropheus ni hivyo hasa. Hoja yetu ni kwamba kwa samaki wa aina hii kijazo kiteuliwe kwanza kwa jinsi kinavyowahifadhi bakteria na kinavyoathiri ualkali wa maji. Ung'avu wa maji, ambao ndio unaomvutia mnunuzi, uje baadaye.

Samaki na maji yake

Tropheus hupatikana katika Ziwa Tanganyika pekee, ziwa linalopakana na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Spishi ya kwanza, Tropheus moorii, ilielezwa kisayansi na Boulenger mnamo mwaka 1898. Nyingine iliyo maarufu kwa wafugaji ni Tropheus duboisi wa sehemu ya kaskazini ya ziwa, ambaye makinda yake huwa meusi yenye nukta nyeupe na akikomaa hujifunga mshipi mweupe au wa manjano kiwiliwilini.

Samaki hawa huishi kandokando ya ziwa penye miamba, ambako mawimbi huyachanganya maji na hewa bila kukoma. Hula mwani unaoota juu ya mawe, nao utumbo wao ni mrefu sana kwa ajili ya kuusaga mlo huo. Maji ya ziwa yana pH ya takriban 8.6 hadi 9, na joto la nyuzi 24 hadi 28 hivi. Isitoshe, Tropheus ni mgomvi. Akifugwa wawili au watatu, mwenye nguvu humwandama mnyonge hadi kifo. Kwa hiyo wafugaji huwaweka kumi na wawili au zaidi pamoja ili ugomvi ugawanyike. Matokeo yake ni tangi lenye samaki wengi, wanaolishwa mara kadhaa kwa siku, na wanaotoa uchafu mwingi.

Hapa ndipo kemia inapoingia. Samaki hutoa amonia hasa kupitia matamvua. Ndani ya maji amonia huwa katika hali mbili: ioni ya amonia, ambayo si hatari sana, na amonia huru, ambayo ni sumu kali. Uwiano wa hali hizi hutegemea pH na joto. Katika nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na takriban asilimia 0.6 tu ya amonia yake katika hali huru. pH ikifika 8, kiwango hicho hupanda hadi asilimia 5 na zaidi kidogo. Ikifika 9, hupanda hadi asilimia 36 hivi. Kwa maneno mengine, kiasi kilekile cha amonia ambacho samaki wa mto wenye maji ya asidi hata hakitambui, chaweza kumuua Tropheus usiku mmoja. Anayefuga samaki wa Tanganyika hana nafasi ya kubahatisha.

Wakazi wa kijazo

Mnamo mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha majitaka polepole katika bomba refu lililojazwa mchanga na chokaa. Kwa siku ishirini hivi hakukutokea lolote. Amonia iliingia juu ikatoka chini kama ilivyokuwa. Kisha nitrati ikaanza kuonekana, na baada ya muda amonia ikatoweka kabisa. Walipotia mvuke wa klorofomu, kazi yote ilisimama. Mchanga wenyewe haukuwa umebadilika, hivyo kilichouawa na klorofomu kilikuwa kitu chenye uhai. Sioni maelezo bora kuliko haya ya kichujio cha samaki: bomba, mchanga, chokaa, na subira ya majuma kadhaa.

Mwaka 1890 Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga bakteria wanaofanya kazi hiyo. Kwa zaidi ya karne moja ilifundishwa kwamba kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi na ambayo mfugaji huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kwa muda mrefu vitabu vya wafugaji vililitaja kundi la pili kuwa Nitrobacter. Mnamo 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi ni Nitrospira. Kisha mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba baadhi ya Nitrospira huweza kuifanya kazi yote peke yao, kutoka amonia hadi nitrati. Mojawapo ya uvumbuzi huo ulitokana na vijidudu vya kichujio cha mfumo wa kufugia samaki. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Hujishikiza juu ya kitu kigumu, huhitaji oksijeni kwa wingi, na huzaana polepole mno wakilinganishwa na bakteria wa kawaida. Kijazo kipya huhitaji takriban majuma manne hadi sita kabla ya kubeba mzigo kamili.

Vijazo vyenyewe

Tukiwa na hayo akilini, sponji ya kawaida yenye matundu makubwa inastahili heshima kuliko inayopewa. Ina nafasi nyingi ya kujishikiza, maji hupita bila kizuizi, na ni rahisi kuikamua. Matundu 20 hadi 30 kwa kila inchi yanatosha. Sponji yenye matundu madogo zaidi husafisha maji vizuri kwa siku chache kisha huziba, na kijazo kilichoziba humnyima bakteria oksijeni. Pamba ya sintetiki nayo huwekwa mwanzoni mwa njia ya maji ili ikamate chembechembe, na hubadilishwa mara kwa mara. Haitegemewi kuwa makao.

Pete za kauri zenye vinyweleo husifiwa sana na watengenezaji wake, na eneo la uso linalotajwa katika maboksi yake hushangaza. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba eneo lililomo ndani ya vinyweleo ambavyo maji hayavipiti si makao ya mtu. Bakteria mwenyewe ana urefu wa takriban elfu moja ya milimita, na baada ya miezi michache vinyweleo vidogo huzibwa na utando wao wenyewe. Pete hizo si mbaya. Ila bei yake mara nyingi hulipia eneo ambalo halitumiki. Mawe mepesi ya volkeno yenye matundu, ambayo Bonde la Ufa limejaa, hufanya kazi inayokaribiana nayo yakioshwa vyema. (Yasichukuliwe ndani ya mbuga za wanyama, ambako ni kosa la jinai.) Mifumo mikubwa hutumia magurudumu madogo ya plastiki yaliyobuniwa nchini Norwe, yanayozungushwa na hewa na kugongana hadi yakajisafisha yenyewe. Kwa tangi la sebuleni ni anasa isiyo na madhara.

Makaa amilifu hunasa rangi, harufu na mabaki ya dawa. Hayaondoi amonia, kinyume na wanavyodhani wengi, na baada ya majuma machache hujaa. Yana faida baada ya samaki kutibiwa. Wakati wa matibabu yatolewe, kwani yatainasa dawa kabla haijamfikia mgonjwa.

Zeolaiti ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi. Madini haya hunasa ioni ya amonia na kuachilia sodiamu mahali pake. Lakini tumeona kwamba katika pH ya juu sehemu kubwa ya amonia si ioni tena, kwa hiyo zeolaiti humtupa Tropheus pale anapoihitaji zaidi. Tena mabadilishano hayo hurudi nyuma: mfugaji akitia chumvi tangini, labda kwa kumtibu samaki aliyevimba tumbo, zeolaiti huiachilia amonia yote iliyoihifadhi. Samaki hufa, na lawama huangukia ugonjwa.

Mboji, inayopendwa na wafugaji wa samaki wa Amazoni kwa kuwa hulainisha maji na kushusha pH, haina nafasi kabisa hapa.

Chokaa na suala la magadi

Bakteria wanapoigeuza amonia hutengeneza asidi. Kwa kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia, ualkali unaolingana na gramu 7 hivi za kalisi kaboneti huliwa. Mfugaji wa Nairobi anayetumia maji ya bwawa la Ndakaini, ambayo ni laini na yenye madini machache, huanza na akiba ndogo na huimaliza upesi. pH hushuka kimyakimya, na ikishuka sana bakteria nao huzembea. Mwenzake wa Mombasa anayetumia maji ya kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe hana shida hiyo.

Dawa yake ni kijazo chenye kalisi kaboneti: kokoto za chokaa, au maganda ya kombe yaliyosagwa ambayo wafugaji wa kuku hununua. Matumbawe hai yasivunjwe kwa sababu hii. Kijazo hiki huyeyuka kadiri asidi inavyoongezeka, kwa hiyo hujiongoza chenyewe. Lakini kina mpaka: huyeyuka kidogo mno pH ikipita 8 na kitu, hivyo hakitaifikisha 9. Aidha, maji ya Tanganyika yana magnesi nyingi kuliko kalisi, na sehemu kubwa ya ualkali wake hutokana na bikaboneti za sodiamu na magnesi. Chokaa basi ni ya kuzuia pH isianguke. Wanaotaka kuyakaribia maji ya ziwa huongeza kidogo sodiamu bikaboneti ya kuokea na chumvi ya magnesi kila wanapobadilisha maji.

Msomaji atauliza, kwa nini si magadi, tuliyo nayo tele? Magadi ya kupikia maharagwe yana kaboneti kali inayopandisha pH kwa ghafla, na huweza kuwa na floridi nyingi. Yabaki jikoni.

Umeme unapokatika

Kichujio cha mtungi uliofungwa kina udhaifu ambao vitabu vya Ulaya havielezi sana, kwa kuwa huko stima haipotei jioni nzima. Maji yakisimama, bakteria walio mtungini huendelea kutumia oksijeni hadi ikaisha. Baada ya saa kadhaa baadhi hufa, uchafu huoza, na umeme ukirudi pampu humwaga maji hayo yote kwa samaki waliokuwa tayari wanahema juujuu. Kwa sababu hii tunapendekeza kwamba mwenye Tropheus awe na angalau sponji moja kubwa ndani ya tangi lenyewe, inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa yenye betri. Umeme ukikawia, mtungi ufunguliwe, vijazo vikae wazi vikiwa vimelowa, na vioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini kabla ya kuwashwa tena. Maji ya mfereji yana klorini, nayo huwaua haohao bakteria tunaowatunza. Vijazo vyote visioshwe siku moja, na kilichochakaa kibadilishwe nusu kwanza, nusu ya pili baada ya mwezi mmoja au zaidi.