Bandeji Ikishatolewa

Mgonjwa aliyepasuliwa uso ana swali ambalo hulibeba moyoni na mara chache hulitoa mdomoni: "Ndio huu tu?" Ameuza mbuzi, amekula zamu yake ya likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha, amevuka mpaka hapa Uvira, pale Kavimvira, kwenda Bujumbura au amepanda milima kwenda Bukavu, amelala hospitali wiki kadhaa. Siku bandeji inapotolewa anaona kwenye kioo uso ambao si ule wa zamani wala ule aliouwaza. Watu wa nyumbani wanashangilia. "Mama, shukuru Mungu, si umepona?" Anaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo hazungumzii tena jambo hilo, na ukimya huo ndio unaonisukuma kuandika.

Huku kwetu uso ulioharibika una historia. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Bukavu. Watu walikimbilia kuchota esansi iliyokuwa ikimwagika. Wengine walikuwa wamejaa katika nyumba za sinema za pembeni wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 230 walikufa, na majeruhi wakapelekwa hospitali za Uvira na Bukavu. Dunia ilihesabu wafu, ikasikitika, ikaendelea. Waliobaki hai waliendelea na nyuso zao. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 siku ile leo ni mtu mzima, na kama moto ulimshika shingoni au kwenye kope, huenda amelala kwenye meza ya upasuaji zaidi ya mara moja, kwa kuwa kovu la moto halikui sawasawa na mwili wa mtoto. Ongeza ajali za pikipiki, risasi na mapanga, uvimbe wa taya, watoto wanaozaliwa na mdomo sungura. Waliopasuliwa uso katika mwambao huu si wachache, na sehemu yao hawakuridhika na walichopata.

Mgonjwa wa namna hiyo hana kosa la kukosa shukrani. Ana taarifa ambayo dokta anaihitaji, na kazi yetu ni kumsaidia aichambue: je, kinachomuumiza ni jambo ambalo muda wake haujafika, ni jambo linaloweza kurekebishwa, au ni jambo ambalo hakuna kisu kitakachoweza kuligusa? Mambo hayo matatu huja yamefungamana katika sentensi moja, "sijipendi," na wakati mwingine jibu la moja hutolewa kwa lingine. Hapo ndipo watu hupasuliwa tena bila sababu, au hupoteza jicho kwa sababu waliambiwa wavumilie.

Tuanze na muda, maana ndio unaodanganya wengi. Kovu ni kitu hai. Siku za kwanza uso umevimba na hauonyeshi sura yake ya kweli. Uvimbe mwingi hushuka ndani ya wiki chache, lakini pale ambapo mfupa umekatwa, hasa taya na paji la uso, mabaki yake yanaweza kukaa karibu mwaka. Chini ya ngozi mwili unamwaga nyuzi za kolajeni ili kuziba pengo, na unazimwaga kwa haraka bila mpango. Ndiyo maana katika miezi ya kwanza kovu hukaza, huinuka, huwasha, na kwenye ngozi nyeusi huiva rangi ya zambarau au weusi uliozidi wa ngozi ya jirani. Baadaye mwili huzirudia nyuzi zile na kuzipanga upya. Kovu hulainika na kushuka. Kazi hiyo huchukua miezi 12 hadi 18, mara nyingine miaka 2.

Sasa tazama safari ya mgonjwa wetu. Anaonana na dokta kwa mara ya mwisho mwezi wa pili au wa tatu, kisha nauli inakwisha. Tangu Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, hata mwenye nauli hana hakika ya njia. Basi anabaki nyumbani na hukumu aliyojitolea mwenyewe katika kipindi ambacho kovu liko katika hali mbaya kuliko zote. Hakuna aliyemwambia kwamba linaweza kubadilika.

Ganzi nayo ina ratiba yake. Neva iliyokatika huota kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, tena baada ya kusita kwa muda. Mdomo wa chini uliokufa ganzi baada ya upasuaji wa taya unaweza kuchukua miezi mingi kurudisha hisia, na wakati mwingine haurudishi zote. Mtekenyo na vichomo vidogo vinavyowatia watu hofu mara nyingi ni neva zinazoamka.

Lakini muda hautakiwi kupita bure. Kidonda kikishafunga kabisa, bila ganda wala unyevu, kovu hukandwa. Weka kidole gumba juu yake na mafuta kidogo yasiyo na manukato, bonyeza mpaka uhisi ngozi inasogea juu ya nyama ya chini, sukuma juu, chini, kushoto, kulia, halafu kwa mzunguko. Dakika 10, mara 2 au 3 kwa siku, kwa miezi. Usiburuze kidole juu ya ngozi, sogeza ngozi yenyewe. Jua la ziwani ni kali na kovu changa likipigwa nalo hubaki jeusi, kwa hiyo mama anayeuza ndagala afunge kitenge kichwani kiwe na ukingo unaofunika shavu.

Halafu kuna yanayorekebishika. Hapa nitasema kwa nguvu juu ya jicho, kwa sababu nyumbani huchukuliwa kuwa suala la urembo. Kovu la shavu linapovuta kope la chini, jicho halifungi. Mtazame mgonjwa akiwa amelala: ukiona weupe wa jicho kati ya kope la juu na la chini, konea inakauka kila usiku, na konea iliyokauka hupata kidonda, na kidonda hicho kinaweza kulipofusha jicho. Huyo hasubiri miezi 12. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na akiwa njiani jicho lipakwe marhamu ya macho lisikauke. Mdomo pia upimwe: mtu mzima kwa kawaida hupitisha vidole 3 vyake mwenyewe vikiwa vimepangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Anayepitisha kimoja tu atashindwa kula vizuri na kusafisha meno, na siku akihitaji kulazwa usingizi, dokta wa usingizi atapata taabu kumwingizia mpira wa hewa. Kidevu kilichovutwa na kovu kuelekea kifuani nacho hakiponi kwa kungoja.

Ngozi ya kupandikiza ina tabia zake, na ingefaa mgonjwa aambiwe kabla. Ngozi nyembamba iliyochunwa pajani husinyaa sana na huwa nyeusi kuliko uso. Kiraka hicho hakitokani na uzembe wa dokta. Ngozi nzima iliyotolewa nyuma ya sikio au juu ya mtulinga hufanana zaidi na uso na husinyaa kidogo, lakini hapo ipo kidogo tu, na aliyeungua uso wote hana pa kuitoa ya kutosha. Dokta anapochagua paja, mara nyingi amekosa penginepo.

Keloidi ni shida ya ngozi zetu zaidi ya ngozi nyeupe. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya kidonda. Keloidi huvuka mipaka na kuendelea kukua. Kuikata peke yake ni kuikaribisha irudi, na mara nyingi hurudi kubwa kuliko ya kwanza. Inayosaidia ni sindano ya triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe, kila wiki 4 hadi 6, kwa vipindi kadhaa, pengine ikifuatana na mgandamizo au bamba la silikoni. Ukikutana na mtu anayekuahidi kuondoa keloidi kwa kisu kimoja na kumaliza, mkimbie.

Mkimbie pia muuza mkorogo. Najua inavyokuwa: kiraka ni cheusi, sokoni kuna kopo la krimu, jirani anasema alilitumia akang'aa. Hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuacha madoa ya weusi wa kibuluu ambayo ni magumu kuondoka, na krimu zenye kortisoni kali huifanya ngozi kuwa nyembamba. Kwenye ngozi iliyopandikizwa madhara hayo yanaweza kuwa mazito zaidi.

Kundi la tatu, la yale ambayo kisu hakiyagusi, ndilo gumu kulizungumza. Uingereza, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, daktari Harold Gillies alifungua njia ya upasuaji wa uso katika hospitali ya Sidcup iliyoanza mwaka 1917. Katika mji ule mabenchi kadhaa ya barabarani yalipakwa rangi ya buluu, ili wapita njia wajue kwamba anayekaa pale anaweza kuwa na uso wa kutisha na wageuze macho mapema. Upasuaji uliendelea kuwa bora. Mtu akabaki amekaa kwenye benchi la buluu. Katika vita vya pili binamu wa Gillies, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua, huko East Grinstead. Yeye alikataa kuwaficha. Aliwaruhusu wavae sare zao badala ya nguo za hospitali, akawatuma mjini, na akazungumza na wenyeji mapema ili wawapokee na kuwaalika majumbani. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe walianzisha klabu, ambayo mwishowe ilifikia wanachama 649. Nyuso zao zilikuwa bado na makovu makubwa, na wengi wao waliishi, walifanya kazi, walioa. Mimi nahesabu kazi ile ya mjini kuwa sehemu ya tiba, sawa na kisu.

Mikono hiyo hiyo ya Gillies, kuanzia mwaka 1946, ilimpasua Michael Dillon, aliyezaliwa akaandikwa msichana na akaishi kama mwanamume. Mwaka 1982, San Francisco, Douglas Ousterhout, mpasuaji wa mifupa ya uso, alianza kuchonga paji na taya za wanawake waliobadili jinsia, baada ya kuchunguza mafuvu ili ajue uso wa kike unatofautiana wapi na wa kiume. Upasuaji huo haufanyiki Uvira. Lakini masikitiko ya baadaye ni ndugu wa yale ya Sange: mtu anangoja mwaka mzima uvimbe wa taya ushuke, na ndani yake alikuwa na matumaini mengine, kwamba siku bandeji itakapotolewa watu wataacha kumkodolea macho. Kisu kinaweza kupunguza mfupa. Macho ya watu hayamo katika uwezo wake. Na sioni sababu ya kumhurumia aliyeungua na kumnyima huruma huyo.

Kuuzoea uso nako ni kazi ya ubongo. Maxwell Maltz, mpasuaji wa Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuuzoea uso mpya, na kwamba wengine waliendelea kuuona ule wa zamani hata baada ya upasuaji uliofanikiwa. Watu wameshika 21 na kusahau "angalau". Kwa aliyeungua ni miezi na miaka. Kioo kitumike kwa kipimo: muda mfupi, mwanga wa kawaida, umbali wa mkono. Simu iachwe kando. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2018 kwamba picha ya kujipiga kwa umbali wa sentimita 30 hufanya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30. Anayejikagua kila usiku kwa kamera ya mbele anakagua uso ambao hakuna mwingine anayeuona.

Kwa walio nyumbani, neno la "shukuru Mungu" lisitangulie. Kwanza muulize anaona nini hasa, umwache amalize. Mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa uhai na kuulilia uso kwa siku moja hiyo hiyo. Halafu mpeleke nje: kwanza kwa mama mkubwa, kisha kwaya, kisha sokoni, akiwa na mtu pembeni na jibu fupi mdomoni kwa wanaouliza. "Niliungua nikiwa mdogo" inatosha. Asiyelala, asiyekula, anayekataa kutoka wiki baada ya wiki au anayesema ni heri angekufa, asiachwe peke yake na apelekwe kituo cha afya mara moja. Wasaidizi wa kisaikolojia wa huku kwetu, waliofunzwa hasa kwa ajili ya wanawake waliobakwa, wanayajua maumivu haya. Na wapo wachache wanaokaa saa nyingi mbele ya kioo wakitafuta kasoro ambayo wengine hawaioni kabisa. Kwa hao upasuaji wa pili huongeza mateso, na wanayemhitaji ni daktari wa akili.

Anayefikiria kurudi kwenye meza ya upasuaji, kama jicho, mdomo na shingo viko salama, angoje mwaka mmoja hivi kovu likomae. Akienda, aende na swali lenye mahali: "kona hii ya mdomo inavutwa, inaweza kuachiliwa?" Dokta ana cha kujibu hapo. Aulize pia ngozi itatoka wapi, rangi yake itakuwaje, na nini kitabaki vile vile. Na asiondoke hospitali bila karatasi ya operesheni, yenye tarehe, aina ya upasuaji, ngozi ilipotolewa na dawa alizopewa. Aipige picha pia na kumtumia ndugu, maana maji ya mafuriko na safari za kukimbia vita vimekula karatasi nyingi Uvira. Dokta wa pili, awe Bujumbura au Bukavu, akiikosa itabidi akisie kilichofanyika chini ya ngozi ile.