Haidrojeni: Gesi ya Tumboni Inayotafutwa Katika Taka

Mgonjwa anayejaa gesi kila anywapo maziwa huweza kufanyiwa kipimo kisicho na sindano. Hunywa sukari ya maziwa, kisha hupuliza pumzi katika chombo kila baada ya muda. Haidrojeni ikizidi, daktari hutambua kwamba sukari haikumeng'enywa katika utumbo mwembamba, bali imefika katika utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria. Gesi hiyo huingia katika damu, hufika mapafuni na kutoka kwa pumzi.

Kazi hiyo ya bakteria ndiyo wanayoiiga watafiti wa nishati. Mabaki ya chakula na maganda ya matunda hutiwa katika tangi lisilopitisha hewa. Humo, bila oksijeni, bakteria huvunja sukari na kutoa haidrojeni, kabonidioksidi na asidi. Haidrojeni ikiungua huzaa mvuke wa maji, bila masizi. Jambo hilo lina uzito kiafya: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani, hasa moshi wa kupikia, ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Hata hivyo, vipo vikwazo viwili. Kwanza, tangini hujificha vijidudu vinavyokula haidrojeni na kuigeuza methani. Ili kuviondoa, watafiti hupasha moto tope lenye bakteria kabla ya kulitumia. Vijidudu hivyo hufa, lakini bakteria wa jamii ya Clostridium husalia, kwa kuwa hujifunika katika spora ngumu na kuamka baadaye. Mhudumu wa afya anaijua tabia hiyo: bakteria wa pepopunda ni wa jamii hiyohiyo, na ndiyo sababu vifaa vya upasuaji havichemshwi tu, bali hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo wa nyuzijoto 121.

Pili, mavuno ni haba. Molekuli moja ya glukosi ingeweza kutoa molekuli 12 za haidrojeni, lakini uchachushaji huu hautoi zaidi ya 4; sehemu kubwa ya nishati hubaki katika asidi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba bakteria wakisaidiwa na umeme kidogo huweza kutoa haidrojeni katika asidi hiyo pia.

Kwa hiyo teknolojia hii bado haijafika jikoni, wala haifai kujaribiwa nyumbani. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifikia asilimia 4 tu ya hewa huweza kushika moto na kulipuka. Mgonjwa anayekohoa kwa moshi wa kuni asiisubiri. Taka zilezile, zikichanganywa na samadi katika mtambo wa bayogesi uliojengwa na fundi stadi, hutoa methani ya kupikia leo. Asiyeumudu mtambo huo apikie mahali penye hewa ya kutosha, na watoto wakae mbali na moshi.