Mstaafu Anaporudi Kazini

Ukipita alfajiri katika mitaa ya miji yetu, si ajabu kumkuta mzee mwenye mvi, koti zito mwilini na tochi mkononi, akifunga lango alilolilinda usiku kucha. Ukimdadisi kwa heshima, huenda akakueleza kwamba aliwahi kuwa karani wa ushuru, bwana shamba au mwalimu wa shule ya msingi. Alikwisha kuagwa kwa hotuba na zawadi, akaambiwa akapumzike. Leo amerudi kazini, na si kwa sababu ya kuchoshwa na kukaa baraza.

Kisheria, mtumishi wa umma nchini Tanzania huweza kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na kwa lazima atimizapo miaka 60. Kwa maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa, umri wa lazima ulisogezwa hadi miaka 65 mwaka 2018. Hao walibakizwa kwa sababu taifa linauhitaji ujuzi wao. Lakini huyu wa langoni hakuitwa na mtu yeyote. Ameitwa na bei ya unga, mafuta ya kupikia, nauli na dawa.

Ili kulielewa jambo hili, hatuna budi kuitazama hesabu yenyewe. Mwaka 2018 mifuko kadhaa ya pensheni iliunganishwa, ukazaliwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, yaani PSSSF, huku NSSF ikiachiwa sekta binafsi. Mwaka huo huo zikatolewa kanuni zilizopunguza malipo ya mkupuo hadi asilimia 25. Malalamiko yakawa makubwa, na mwezi Desemba Rais John Magufuli akaagiza zisitumike. Tarehe 1 Julai 2022 kikaanza kikokotoo kipya cha asilimia 33. Baadaye, katika bajeti ya mwaka 2024/25, Serikali ikatangaza kukipandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao hapo zamani walikuwa wakilipwa nusu.

Tuchukue mfano wa mtumishi ambaye pensheni yake kamili ingekuwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa utaratibu wa zamani wa nusu kwa nusu, uliokuwa ukizidisha kwa miaka 15.5, angepokea kiinua mgongo cha shilingi 55,800,000, na kila mwezi shilingi 300,000. Kwa kanuni ya mwaka 2022, inayozidisha kwa miaka 12.5, mkupuo ungekuwa shilingi 29,700,000, na kila mwezi shilingi 402,000. Kwa asilimia 40, mkupuo ni shilingi 36,000,000 na kila mwezi shilingi 360,000.

Watetezi wa hesabu mpya wana hoja ya haki. Wako waliopokea fedha nyingi kwa mara moja, zikaishia katika biashara wasiyoijua au mikononi mwa matapeli, wakabaki na pensheni ndogo. Kuongeza ya kila mwezi ni kumlinda mzee. Walakini fedha ya mkupuo ndiyo iliyokuwa ikiezeka nyumba, ikilipa madeni na kununua mashine ya kusaga. Mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya tarajio hilo, akaja kukuta limepungua, hujikuta mpangaji akiwa na miaka 60.

Isitoshe, pensheni ya kila mwezi ni ngao tu iwapo inapanda pamoja na bei. Bei hazistaafu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni ili kupunguza makali. Mfanyakazi aliye kazini hungojea nyongeza ya mshahara na ana chama cha kumsemea. Mstaafu hana mahali pa kugoma.

Wako wanaosema kwamba mzee anayerudi kazini anamnyang'anya kijana nafasi yake. Hoja hiyo isipuuzwe, maana vijana wasio na ajira ni wengi. Lakini aghalabu ujira anaoupata mzee huyo ndio unaolipa karo ya mjukuu na kumlisha kijana mwenyewe anayetafuta kazi. Kumfukuza langoni si kumwajiri mwanawe.

Linalotusikitisha zaidi ni namna wazee hawa wanavyoajiriwa. Wengi huchukuliwa kwa maneno matupu, bila hati, kwa malipo ambayo kijana angeyakataa. Mwajiri hujitetea kwamba huyu ana pensheni yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimtengi mtu kwa sababu ya mvi. Inamtaka mwajiri kumpa mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi, na inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Maofisa kazi wakague malango hayo pia.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba mstaafu mwenye pensheni ni mwenye bahati. Mkulima, mvuvi na mama lishe hawana tarehe ya kustaafu. Zanzibar ilionyesha njia mwezi Aprili 2016, ilipoanza kumlipa kila mzee mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, zikafikishwa 50,000 mwaka 2023. Si fedha nyingi, lakini ni ungamo kwamba uzee ni jukumu la wote.

Kazi ni heshima kwa mzee anayeichagua. Kwa mzee anayelazimishwa na njaa, ni deni letu ambalo yeye ndiye anayelilipa. Ombi letu ni kwamba pensheni ipitiwe kila bei zinapopanda, wala isisubiri kilio. Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Wazee wetu wamekwisha kuvumilia.