Kadi ya michoro inapogoma: Hatua za kufuata kabla ya kununua nyingine

KUUNDA tarakilishi ya mezani kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja ni jambo lililowavutia vijana wengi, hasa wanaojipatia riziki kwa kuhariri video za harusi, kuchora ramani za majengo au kuendesha vyumba vya michezo ya kompyuta. Mwenye mtambo wa aina hiyo huchagua kila kipuri kulingana na kazi yake na uzito wa mfuko wake.

Hata hivyo, mtambo huo hauna mdhamini mmoja. Unapoharibika, kila mwuzaji humnyoshea mwenzake kidole, na mwenyewe hubaki na jukumu la kubainisha kasoro iko wapi. Kadi ya michoro, ambayo aghalabu ndiyo kipuri ghali zaidi, hulaumiwa kwanza pindi skrini inapokuwa nyeusi. Asiyefanya uchunguzi huenda akatumia makumi ya maelfu ya shilingi kununua kadi mpya, kisha akagundua kwamba ile ya awali ilikuwa nzima.

Hatua ya kwanza haihitaji fundi. Tarakilishi nyingi zina matundu mawili ya kuunganishia skrini: moja kwenye ubao mkuu wa saketi na jingine kwenye kadi yenyewe. Waya wa skrini ukichomekwa kwenye ubao, kadi haitaonyesha chochote hata ikiwa nzima. Isitoshe, vichakataji vya Intel ambavyo majina yake huishia kwa herufi F havina sehemu ya michoro ndani yake, kwa hivyo tundu la ubao hubaki bila kazi. Inafaa pia kujaribu waya mwingine na skrini nyingine.

Kabla ya kugusa vipuri vya ndani, mtambo uchomolewe kutoka kwa soketi, swichi ya kuwashia ibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili kumaliza umeme uliosalia, na mhusika aguse chuma cha kasha. Kadi itolewe, ikaguliwe kama ina vumbi kwenye meno yake, kisha irudishwe hadi kishikizo cha mwanya kilie. Kadi nzito huweza kulegea, hasa mtambo unaposafirishwa kwa matatu au pikipiki.

Suala la pili ni umeme. Mwanya wa kadi kwenye ubao mkuu hutoa wati 75 pekee. Waya wa pini 6 huongeza wati 75, na ule wa pini 8 huongeza wati 150. Kadi inayohitaji nyaya mbili za pini 8 yaweza, kwa hivyo, kupewa hadi wati 375. Ikiwa kisanduku cha umeme ni hafifu, tarakilishi itawaka vyema na kufungua barua pepe bila shida, lakini itazimika ghafla mara tu mchezo au kazi ya kuhariri video inapoanza. Dalili hiyo humfanya mwenyewe kushuku kadi, ilhali kosa ni la kisanduku.

Kwenye kadi za hivi karibuni, kuna kiunganishi kimoja kinachoweza kupitisha hadi wati 600. Mnamo 2022, baadhi ya viunganishi hivyo viliyeyuka kwenye kadi za RTX 4090, na kampuni ya NVIDIA ikaeleza kwamba vingi vilikuwa havijasukumwa hadi mwisho. Funzo ni kwamba waya wa aina hiyo hauna budi kuingia kikamilifu, bila kupindwa karibu na kadi.

Ubao mkuu nao hutoa ishara. Baadhi huwa na vijitaa vinne vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kile cha VGA kikibaki kikiwaka, ubao haujaitambua kadi. Mbao nyingine hulia, na katika mitambo yenye programu ya Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi humaanisha kasoro ya michoro.

Endapo picha huonekana mtambo unapowashwa lakini hutoweka Windows inapofunguka, yamkini tatizo ni la programu endeshi, yaani draiva. Mtambo ufunguliwe katika hali salama, ambamo Windows hutumia draiva ya msingi tu. Ukitulia humo, draiva ya zamani iondolewe kabisa na mpya ichukuliwe kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Tangu toleo la Vista, Windows huisubiri kadi kwa sekunde 2; isipoitika, huianzisha upya na kumwarifu mtumiaji. Arifa hiyo pekee haithibitishi kwamba kadi imekufa, maadamu joto, umeme hafifu au draiva mbovu pia huisababisha.

Viraka vya rangi au mistari inayoonekana hata kabla ya Windows kufunguka ni dalili nzito zaidi. Aghalabu huashiria kwamba kumbukumbu ya kadi imeharibika. Ushahidi wa mwisho hupatikana kwa kubadilishana: kadi inayoshukiwa iwekwe katika mtambo mwingine wenye umeme wa kutosha, na kadi nyingine iwekwe katika mtambo unaosumbua. Kasoro ikiifuata kadi, hukumu imetolewa. Ikibaki na mtambo, kadi haina hatia.

Wapo wanaoshauri kadi mbovu iokwe kwenye tanuri. Joto hilo laweza kurejesha mguso ndani ya chipu kwa muda, lakini kasoro kwa kawaida hurudi, na moshi wa plastiki na risasi haufai kukaribia chombo cha kupikia.

Wanaoamua kununua kadi ya mitumba wana sababu ya kujihadhari. Mtandao wa Ethereum ulipoacha kutumia kadi za michoro kuchimba sarafu za kidijitali Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi mchana na usiku ziliingia sokoni. Zipo pia kadi za kale zilizobadilishwa jina ili zionekane mpya. Tangu 2018, programu ya bure ya GPU-Z imekuwa ikitambua baadhi yake. Mnunuzi hana budi kutaka kadi ijaribiwe dukani kwa kazi nzito kwa nusu saa, mbele ya macho yake, kabla ya kutoa hata shilingi moja. Mwuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kumjibu.