Kinachokula Kitambaa cha Meza ya Pool

Kitambaa cha meza ya pool kikianza kuchakaa, mwenye baa huwa na washukiwa wake: bia iliyomwagika, majivu ya sigara, kijana aliyekalia ukingo ili aufikie mpira wa mbali. Wote wana makosa yao. Lakini inama hadi macho yawe sawa na uso wa meza, taa ikiwaka juu, uangalie vizuri. Utaona msururu wa vidoa vyeupe ukitoka upande wa kuanzia na kwenda moja kwa moja hadi pale mipira inapopangwa. Hapo mwisho utakuta vishimo vidogo, kila kimoja mahali pa mpira wake, vimekaa pembetatu. Bia haimwagiki kwa mpangilio huo.

Alama hizo huachwa na pigo la kuvunja, lile linalofungua mchezo.

Tuchukue meza ya kimataifa ya futi 9. Sehemu ya kuchezea ina urefu wa sentimita 254, na kutoka mstari wa kuanzia hadi nukta ya mpira wa mbele ni nusu yake, sentimita 127. Mpira mweupe una gramu 170 hivi. Mvunjaji mwenye mkono mzito huutoa kwa mita 8 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 29 kwa saa, na safari yote huchukua kama moja ya sita ya sekunde. Kwa jicho la kawaida mpira unabingirika. Kwa kweli unaburuzwa.

Mpira uliogongwa katikati huondoka bila kuzunguka. Sehemu yake ya chini husugua kitambaa, na msuguano huo ndio unaouzungusha kidogo kidogo, huku ukiupunguzia mwendo. Hesabu zake zina umri mkubwa. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis alichapisha kitabu kizima kuhusu hisabati ya biliadi mwaka 1835. Mpira wa namna hiyo huanza kubingirika sawasawa ukishapoteza sehemu 2 kati ya 7 za kasi yake ya mwanzo. Msuguano wa mpira unaoburuzika juu ya kitambaa ni kama moja ya tano ya uzito wake. Ukipiga hesabu kwa kasi ya mita 8, mpira ungehitaji karibu mita 8 za kitambaa kabla ya kutulia na kubingirika. Meza haina hata mita 3. Kwa hiyo unaifikia pembetatu ukiwa bado unasugua.

Nishati inayoachwa njiani ni ndogo ajabu, kama jouli 0.4. Ingepasha gramu moja ya maji kwa sehemu moja tu ya kumi ya nyuzijoto. Ila hapa hakuna gramu ya maji. Kuna ncha za nyuzi chache za sufu, zinazoguswa kwa muda mfupi sana, na joto halipati nafasi ya kusambaa. Kampuni ya Saluc ya Ubelgiji, inayotengeneza mipira ya Aramith, husema joto katika mgusano huo laweza kufika nyuzi 250 za Selsiasi. Sufu kwenye joto kama hilo haiyeyuki, huungua. Nailoni, ambayo vitambaa vingi vya kasi huchanganywa nayo, huyeyuka: aina moja inayotumika sana huanza kwenye nyuzi 220 hivi. Kitambaa maarufu cha Simonis 860, kutoka kiwanda cha Ubelgiji kilichoanza mwaka 1680, kina sufu asilimia 90 na nailoni asilimia 10.

Kuna pia pigo la pili ndani ya pigo hilo la kuvunja. Kwa kuwa ukingo umeinuka, fimbo hushuka kwa mshazari kidogo, nao mpira hukandamizwa chini kabla ya kuondoka, kisha huruka. Chini ya kitambaa kuna bamba la jiwe lisilobonyea. Kitambaa hubanwa kati ya mpira mgumu na jiwe, ndiyo maana kidoa kikubwa kuliko vyote huwa pale pale mpira ulipowekwa.

Halafu ipo chaki. Ya leo si chaki ya ubaoni. Mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins, wote Wamarekani, walipata hataza ya mchanganyiko wao mwaka 1897, na tangu hapo chaki ya fimbo imekuwa unga wa silika na madini magumu kama oksidi ya alumini. Unga huo ukiingia kati ya nyuzi, kila mpira unaopita juu yake unaugeuza msasa. Kwa maoni yangu, anayesugua fimbo kwa chaki akiwa ameinamia meza anaharibu zaidi ya anayemwaga bia, kwa sababu bia huonekana na hufutwa papo hapo. Asogee pembeni. Na chaki iwekwe ukingoni uso wake ukitazama juu.

Kusafisha kunategemea kitambaa. Chenye vinyweleo hupigwa brashi kuelekea upande mmoja tu, kutoka mstari wa kuanzia kwenda mbele, maana mpira wa polepole hufuata vinyweleo vilikolala. Kile laini kilichofumwa kwa nyuzi zilizochanwa hakina upande. Kinafaa mashine ya kunyonya vumbi, au kitambaa kilicholowa na kukamuliwa hadi kikakaribia kukauka.

Alama za makusudi nazo zina adabu yake. Mstari wa kuanzia uchorwe baada ya kitambaa kuvutwa na kukazwa, la sivyo utapinda kitakapovutwa. Upimwe kutoka ncha ya mpira wa ukingo, si kutoka kwenye ubao. Tumia penseli au chaki ya fundi cherehani, kwa mkono mwepesi. Wino wa kalamu husambaa kwenye sufu na hautoki. Kwa nukta, stika nyembamba inatosha.

Vile vishimo vya pembetatu vina watetezi. Mipira hutulia ndani yake ikagusana vizuri, na kuvunja kunakuwa kuzuri. Tatizo ni mpira unaopita hapo taratibu mwishoni mwa mchezo ukapinda bila kosa la mpigaji. Siku hizi kuna karatasi nyembamba ya plastiki yenye matundu, inayotandikwa chini ya mipira badala ya kutumia fremu ya pembetatu. Inaikusanya barabara na kupunguza vishimo.

Kwa upande wa kuanzia, dawa ni nafuu zaidi. Sheria za kimataifa zinaruhusu mpira mweupe uwekwe popote nyuma ya mstari, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvunjia mahali pamoja kila siku. Mazoezini, weka kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja chini ya mpira mweupe, ukiondoe baada ya kuvunja. Fundi anayebadilisha kitambaa hubaki na vipande vya pembeni. Mwambie akuachie kimoja kabla hajavikusanya na kuondoka navyo.